Mteja wa dizeli akiomba turbo, muulize kwanza injini yake inapumuaje

Somo la leo ni la wanaouza spea mtandaoni, hasa sisi tunaopokea oda kwa WhatsApp na kutuma mzigo kwa basi bila kuiona gari. Hata kama unauza viatu au vitenge, soma tu, maana kosa lenyewe ni moja: kumuuzia mteja kitu alichotaja bila kuuliza kama ndicho anachohitaji.

ILIVYONITOKEA

Kaka mmoja wa Singida alinitumia meseji: "Bosi, una turbo ya 1KZ? Yangu inatema oili." Gari ni Hiace, anabeba abiria. Nikamjibu ipo, mtumba wa Japani, 650,000, nauli ya mzigo juu yake. Hakubishana sana, akatuma hela. Siku hiyo nilifunga duka mapema kwa raha.

Siku ya nne baada ya kuifunga ikaja meseji nyingine: "Umeniuzia turbo mbovu. Oili inatoka vilevile." Nikawaka. Nikamwambia fundi wako hajui kufunga. Tukarushiana maneno siku mbili nzima. Mwisho turbo ikarudi imelowa oili, nikamrudishia 500,000 na nyingine nikamkata. Yeye alipoteza hiyo, pamoja na hela ya fundi mara mbili, na siku alizolaza gari huku marejesho ya mkopo yanamsubiri kila Jumatatu. Mimi nikabaki na turbo ambayo naona aibu kumuuzia mtu.

Baada ya wiki mbili akanitumia video. Fundi mwingine, mzee wa makamo, anachomoa mpira unaotoka kwenye tapeti kava kwenda kwenye bomba la hewa. Anaukata katikati. Ndani umejaa uchafu mweusi mgumu kama lami, hewa haipiti kabisa. Walinunua mpira mwingine hukohuko Singida, wakairudisha turbo yake ya zamani, na ikaacha kutema. Chini ya video aliandika maneno matatu tu: "Ungeniuliza tu, bosi."

Nilikasirika kwanza, halafu nikaona aibu. Nikaanza kukaa na mafundi wa dizeli na kuuliza. Haya ndiyo niliyojifunza, na sasa siuzi turbo, sili wala ringi ya dizeli bila kuyapitia.

KWA NINI INJINI INAPUMUA

Mafuta yakiwaka ndani ya silinda, presha inakuwa kubwa sana. Sehemu kubwa inasukuma pistoni chini, lakini kiasi kidogo cha gesi kinapenya pembeni ya ringi na kushuka chini kwenye sampu. Hata injini mpya inafanya hivyo. Tofauti ni kiasi: injini iliyochoka inapitisha gesi nyingi zaidi.

Gesi hiyo ikikosa pa kutokea, presha inajaa ndani ya injini. Ndiyo maana kuna njia ya kupumulia. Gesi inapanda juu hadi tapeti kava, inapita kwenye kichungi au vyumba vidogo vinavyotenganisha oili na hewa, halafu inapita kwenye mpira na kuingia kwenye bomba la hewa kabla ya turbo. Hapo inavutwa pamoja na hewa safi na kwenda kuchomwa tena. Dizeli nyingi za Ulaya na za miaka ya karibuni zina vavu yenye utando mwembamba wa mpira ndani yake, kazi yake ni kupunguza mvuto usizidi. Land Rover zenye injini ya 300Tdi zina kifaa chenye umbo la kopo pembeni ya tapeti kava ambacho kinatakiwa kutolewa na kuoshwa wakati wa sevisi, lakini wengi hawakigusi.

Njia hiyo ikiziba, turbo ndiyo inasingiziwa. Sababu ni hii. Oili inayolainisha shafti ya turbo inaingia kwa presha, lakini inarudi kwenye sampu kwa kuteremka yenyewe tu, kama maji kwenye mfereji. Sampu ikijaa presha, oili haiwezi kushuka. Inarudi nyuma, inajaa kwenye turbo, na inatafuta pa kutokea: upande wa hewa au upande wa ekzosi. Na zile sili za turbo si mpira wa kubana kama sili ya krankshafti. Ni ringi ndogo za chuma zinazotegemea tofauti ya presha. Kwa hiyo unaweza kufunga turbo mpya kabisa na ikatema oili siku hiyohiyo.

DALILI ZA KUSIKILIZA KWA MTEJA

Mteja hatakwambia "njia ya kupumulia imeziba". Atakwambia hivi:

- Nimebadili sili ya krankshafti, baada ya muda mfupi inavuja tena.
- Stiki ya oili inajisukuma yenyewe na kutoka nje.
- Oili inalowesha tapeti kava pande zote, na gasketi ni mpya.
- Turbo inatema oili. Bomba la kwenda intakula limelowa.
- Gari inatoa moshi wa bluu na oili inapungua.
- Ndani ya gari kuna harufu ya oili iliyoungua.
- Kuna mluzi juu ya injini, na mfuniko wa oili ni mgumu kufunguka gari ikiwaka.

Hiyo ya mwisho ni kinyume cha zote. Hapo njia haijaziba, bali ule utando wa vavu umepasuka au umekwama, injini inavutwa kupita kiasi na oili inanyonywa kwenda kuungua. Sili zinaweza kuanza kuvuta hewa ya nje, ndiyo unasikia mluzi.

Angalizo kwa wateja wa sehemu za baridi, kama Makete, Njombe au Lushoto. Wakikutumia picha ya uchafu mweupe kama maziwa ya mgando chini ya mfuniko, msikimbilie kusema gasketi ya silinda hedi imekwenda. Gari ya safari fupifupi haipati moto vizuri, mvuke unaganda na kuchanganyika na oili, na uchafu huo unaziba mpira. Uliza kwanza: maji ya rejeta yanapungua? Oili kwenye stiki nayo ni nyeupe? Kama majibu yote mawili ni hapana, anza na njia ya kupumulia.

VIPIMO, KWA MPANGILIO

Hivi mteja anaweza kuvifanya na fundi wake, na wewe ukaviona kwa video. Waambie kabisa: nguo zisining'inie, mikono mbali na mikanda na feni.

1. Anza na vya bure. Angalia kiwango cha oili gari ikiwa sehemu tambarare. Oili iliyozidi inapigwapigwa na krankshafti, inageuka povu, na inatoka kwenye mpira wa kupumulia. Kisha toa filta ya hewa. Ikiwa imeziba kwa vumbi, turbo inavuta kwa nguvu sana na kunyonya oili. Kuna watu wameuziwa turbo wakati walihitaji filta.

2. Mfuniko. Injini ipate moto, iache ingurume bila kukanyaga mafuta. Fungua mfuniko wa kujazia oili, ugeuze, uuweke tu juu ya tundu bila kukaza. Ukitetemeka kidogo, hiyo ni kawaida ya dizeli. Ukirushwa, na moshi unapuliza kwa mapigo, kuna presha. Ukivutwa na kung'ang'ania, ni ule mvuto uliozidi. Usiinamishe uso hapo, injini nyingine zinarusha oili ya moto.

3. Glavu. Kipimo cha mfuniko hakitoshi, kwa sababu ukifungua mfuniko umeipa gesi mlango mwingine. Zima injini, funga mfuniko vizuri, chomoa stiki ya oili, vika glavu nyembamba ya hospitali kwenye bomba lake na kuikaza kwa raba bendi. Washa. Glavu ikibaki imelegea au kunywea kidogo, injini inapumua vizuri. Ikivimba na kukaza kama puto, presha haina pa kutokea. Ikifyonzwa ndani kwa nguvu, angalia vavu. Usiache ikazama kwenye bomba.

4. Chomoa mpira upande wa tapeti kava. Hiki ndicho kipimo kinachotenganisha mpira wa bei ndogo na injini ya mamilioni. Tundu lililobaki kwenye bomba la hewa liziba, lisivute vumbi kwenda kwenye turbo. Glavu iwe bado ipo. Washa tena.
- Glavu ikinywea na gesi inatoka kwa upole: tatizo liko mbele, yaani mpira, vavu, au pale mpira unapoingilia kwenye bomba la hewa.
- Glavu ikibaki imevimba na kwenye kava hakitoki kitu: kichungi cha ndani ya tapeti kava ndicho kimeziba.
- Gesi ikitoka nyingi kwa mapigo kama treni ya moshi: kuna kitu kinaingiza gesi kupita kiasi. Nenda kipimo cha 5.

5. Pampu ya vakyumu. Hapa mafundi wengi wanapita bila kuangalia. Dizeli haina mvuto wa kutosha kwenye manifoldi kwa ajili ya breki, kwa hiyo ina pampu yake. Kwenye Toyota nyingi za dizeli iko nyuma ya alteneta. Hewa inayovutwa na pampu hiyo inatupwa ndani ya injini. Mpira wa kwenda busta ya breki ukipasuka, au busta ikivuja, pampu inavuta hewa muda wote na kuipuliza kwenye sampu, na injini nzima inaonekana imekufa ringi. Gari ikiwa imesimama, chomoa mpira huo kwenye pampu, ziba mdomo wa pampu kabisa, kisha washa. Pumzi ikipungua sana, umepata mchawi. Usiendeshe gari hivyo hata hatua moja, breki zitakuwa ngumu. Rudisha mpira kwanza.

6. Kompreshani. Kama vyote vimepita na bado inapuliza, ndipo ipimwe kompreshani silinda moja moja na kulinganishwa. Hapo sasa mazungumzo ya ringi na kufungua injini yana msingi.

KUREKEBISHA

Mpira uliozibwa unaweza kuoshwa kwa dizeli au mafuta ya taa na brashi ndefu. Lakini ukauke kabisa kabla ya kurudishwa. Mafuta yakibaki ndani, injini itayavuta na kupandisha mzunguko yenyewe. Kama mpira umelainika, umevimba au ukiubonyeza unabaki umebonyea, usioshe, badili. Mpira wa maji wa kawaida usitumike, oili ya moto inaula, unalegea na kujikunja tena. Watafutie unaohimili oili.

Kichungi cha ndani ya tapeti kava kinaoshwa kava likiwa limetolewa. Usipulize kwa kompresa kava likiwa bado kwenye injini. Presha ile inaweza kusukuma sili nje.

Vavu yenye utando haioshwi ikapona kama utando umepasuka. Kwenye gari nyingine unauzwa utando peke yake, kwenye nyingine vavu imeunganishwa na kava zima. Omba picha kabla ya kutaja bei.

Baada ya hapo osheni mabomba ya hewa na intakula. Oili iliyobaki humo itatoa moshi wa bluu siku kadhaa, na mteja atasema hujatibu kitu.

Kuna njia ya mkato utaiona gereji: fundi anakata mpira na kuuelekeza chini barabarani. Presha inatoka kweli. Lakini oili inadondoka, harufu inaingia ndani ya gari, na akisahau kuziba tundu la kwenye bomba la hewa, turbo inakula vumbi moja kwa moja. Hapo turbo itakufa kweli, na atakuja kwako kununua. Mimi siwashauri wateja wangu hivyo.

HATARI USIYOIFANYIA MZAHA

Dizeli inaweza kuwaka kwa oili yake yenyewe. Oili ikijaa kwenye intakula na kuvutwa kwa wingi, injini inapanda mzunguko peke yake, moshi unatanda, na ukizima swichi haizimi, kwa sababu haitegemei tena mafuta ya pampu. Inaweza kupasuka. Gari ya gia za mkono, dereva akanyage breki kwa nguvu zote, aweke gia kubwa kabisa, aachie klachi ili izimike. Gari ya otomatiki dawa ni kuinyima hewa: kuziba mdomo wa bomba la hewa kwa kitu kigumu kama ubao, kamwe si kwa mkono wala kitambaa, na tu kama unafikika bila kuhatarisha mtu. Isipowezekana, watu wakae mbali. Kwa hiyo mteja akisema intakula imejaa oili, mwambie asiendeshe mpaka imwagwe. Hapo usiwaze mauzo kwanza.

SASA UPANDE WETU WA BIASHARA

Haya ndiyo maswali ninayotuma kabla ya kupokea hela ya turbo, sili za injini au ringi za dizeli. Nimeyahifadhi kwenye simu, nayabandika tu:

"Habari boss, asante kwa oda. Kabla sijapokea hela yako naomba unisaidie haya:
1. Gari gani na injini gani? Piga picha namba ya injini.
2. Oili iko kiwango gani kwenye stiki? Filta ya hewa imebadilishwa lini?
3. Nitumie video ya sekunde 20, injini imepata moto, mfuniko wa oili umegeuzwa juu ya tundu.
4. Mpira wa kupumulia umechomolewa na kuangaliwa ndani? Nitumie picha.
5. Shafti ya turbo ikitikiswa kwa kidole, inacheza kiasi gani? Mapanga yamegusa ukuta?
6. Ni kitu gani kilishabadilishwa na tatizo likarudi?"

Swali la 5 ni muhimu kwa sababu turbo mbovu zipo, na nyingi. Mapanga yakiwa yamekwaruza ukuta au yamekatika, hiyo imekufa, muuzie. Lakini hata hapo mwambie asafishe njia ya kupumulia, njia ya oili kurudi, na intakula kabla ya kufunga. Vinginevyo ya kwako nayo itatema na lawama zitakuja kwako.

Wengine wanakasirika: "We uza, maswali ya nini?" Mjibu kwa heshima kwamba spea ikishafungwa hairudi, ndiyo maana unauliza kabla. Andika hivyo pia kwenye tangazo lako, watu wasishtuke. Na video wanazokutumia zitunze. Ukija ugomvi una ushahidi wa mlichokubaliana.

Utaniuliza: nikimwambia anunue mpira wa 15,000 badala ya turbo ya 650,000, mimi nakula nini? Hilo swali nililijibu kwa daftari. Kwa turbo ile nilirudisha 500,000, nikalipia nauli ya kurudisha mzigo, na nikabaki na bidhaa isiyouzika kwa bei yake. Ile 150,000 niliyomkata haikufidia. Sasa naweka mipira ya kupumulia, klipu zake, gasketi za tapeti kava na filta za hewa za injini zinazoulizwa sana kwangu: 3L, 5L na 1KZ. Natuma kama kifurushi kimoja. Faida kwa kimoja ni ndogo, lakini hakirudi, hakina ugomvi, na fundi aliyeona gari imepona anahifadhi namba yangu.

Kwa wasiouza spea: tafuteni mpira wenu. Kila biashara ina kitu cha bei ndogo kinachofanya kitu cha bei kubwa kionekane kibovu. Anayeuza simu za mtumba, ni chaja na waya. Anayeuza friji, ni umeme mdogo wa nyumbani kwa mteja. Kijue, kiulizie kabla ya kupokea hela, na ikiwezekana kiweke dukani.

Yule kaka wa Singida nilimrudishia ile 150,000 mwaka huu. Alijibu "nimeipata, asante". Mpaka leo hajaagiza tena kwangu, na simlaumu. Lakini mwezi uliopita alinipigia mtu mwingine wa Singida ana Hiace inayotema oili, akasema ameelekezwa kwangu. Nikamwambia, kaka, kabla ya yote chomoa kwanza huo mpira unitumie picha.